Mwalimu wa yoga anasema niendelee, daktari anasema niache. Nyonga inabadilishwa mwezi wa 9, nifuate nani?

#1 BintiPangani
Habari za jioni wakuu, naombeni mnisome mpaka mwisho maana nimechanganyikiwa. Nina miaka 51, nafanya yoga huu mwaka wa tisa, nilianza sababu ya mgongo na kukosa usingizi na vyote viwili vikatulia. Miaka miwili iliyopita goti la kulia likaanza kuuma. Hospitali moja wakanipiga eksirei ya goti mara tatu, goti zima, nikarudi nyumbani na dawa za maumivu na mafuta ya kuchua. Mwaka huu nikahama daktari, huyu wa sasa akanilaza kitandani, akakunja mguu akauzungusha kidogo tu kuelekea ndani, nikapiga ukelele mpaka nesi akachungulia. Akasema mama hili si goti, hii ni nyonga. Picha ikaonyesha gegedu (ule mto laini kati ya mifupa) limeisha, mfupa unasugua mfupa. Natakiwa kubadilishiwa, nimepangiwa mwezi wa 9, zimebaki kama wiki 11.

Sasa mwalimu wangu anasema nisiache hata siku moja, eti nyonga imekaza ndo maana inauma, nikae kwenye pozi la njiwa dakika tano kila upande. Daktari kaniambia neno moja tu, "acha", hakufafanua. Maswali yangu: niache kabisa au kuna ya kufanya? Baada ya operesheni nitarudi kwenye mkeka? Nitakaa chini kukuna nazi? Nitasujudu? Na linaloninyima usingizi kuliko yote, je yoga ndo imeniua hii nyonga?

#2 Mzee wa Mkongojo
Pole sana dada. Mie nimebadilishiwa ya kushoto, mwaka wa nne huu, natembea kutoka nyumbani mpaka sokoni na kurudi. Usiogope operesheni, ogopa kuchelewa.

#3 ZuberiTZ
Miaka tisa ya kujikunja kama chapati halafu unauliza kama yoga ndo imekuua? Jibu unalo dada angu. Binadamu hakuumbwa kuweka kisigino shingoni.

#4 Kachumbari254
@ZuberiTZ pole pole bana. Mimi nafundisha yoga Nairobi, na hakuna mtu wa kawaida huwa anaweka kisigino shingoni, hiyo ni ya picha za mtandaoni. Dada #1, kwa heshima ya mwalimu wako, hiyo ya njiwa dakika tano kwa nyonga iliyoisha gegedu, hapana. Kabisa hapana. Njiwa inakunja nyonga halafu inaizungusha nje halafu inaweka uzito wa mwili juu yake, yote kwa pamoja. Nyonga nzima inavumilia, yako sasa hivi inasagika. Kukaza unakohisi sio misuli mifupi, ni kiungo kinajilinda. Ukikilazimisha kesho yake kitakaza zaidi, na wewe utadhani hukunyoosha vya kutosha. Nimeona wanafunzi wakizunguka hapo miezi na miezi.

#5 FizioMbeya
Nakubaliana na #4. Mimi ni mtu wa fiziotherapia, sikuoni wala sijaiona picha yako kwa hiyo chukua haya uyapeleke kwa wanaokuhudumia.

Kabla ya operesheni kazi yako si kuongeza unyumbufu, ni kuongeza nguvu. Misuli ya kalio la pembeni, misuli ya mbele ya paja, na mikono, maana utatembelea magongo au woka na wengi wanakuja mikono haijawahi kubeba mwili. Kwa yoga maana yake: pozi la mlima ukiwa umesimama wima, daraja dogo (nyanyua kiuno kidogo tu, miguu sambamba), shujaa wa pili (miguu imetanuliwa, goti la mbele limekunjwa, mikono imenyooshwa pembeni) kwa hatua fupi na kiti pembeni, kulala ubavu wa mguu mzima na kunyanyua mguu unaouma kidogo bila kuuzungusha, mto katikati ya magoti. Na pumzi. Pumzi usiache hata siku moja. Kipimo ni kwamba maumivu yasipande wakati wa zoezi, na asubuhi yake usiamke umechechemea kuliko jana. Ukiamka vibaya jana ulizidisha, punguza.

Daktari aliyesema "acha" nadhani kichwani alifikiria wale wanaojikunja kwenye kalenda. Rudi umuonyeshe unachofanya, hata kwa video ya simu.

#6 BintiPangani
@FizioMbeya asante sana. Kumbe kulala ubavu inaruhusiwa. Je kukaa kupiga magoti makalio juu ya visigino, mikono mbele, kichwa chini (pozi la mtoto)? Hiyo ndo inayonipumzisha kuliko zote.

#7 FizioMbeya
Kabla ya operesheni, kama haiumi kinenani na umeweka mto mnene chini ya makalio, si mbaya. Ikibana kinenani acha. Baada ya operesheni ni habari nyingine, hapo nyonga inakunjwa kupita nyuzi 90 kwa mbali sana.

#8 nesi_ughaibuni
Salaam kwenu wote. Niko Uingereza, wodi ya mifupa, nyonga naziona kila wiki. Nataka dada #1 aelewe kitu kimoja kabla hajafika kwenye meza ya upasuaji, amuulize daktari: "utaingilia upande gani?" Kuna wanaofungua nyuma, kuna pembeni, kuna mbele. Masharti ya baadaye yanatokana na hapo, na ndo maana watu wawili wote wamebadilishiwa nyonga halafu mmoja anakatazwa hiki mwenzie anaruhusiwa.

Wakifungulia nyuma, hatari ya nyonga kuchomoka (kichwa duara kutoka kwenye kikombe chake) ni mambo matatu: kukunja nyonga kupita nyuzi 90, kuvusha mguu upande wa pili (kukunja nne, kupishanisha mapaja) na kuugeuza mguu uangalie ndani. Yakikutana yote matatu ndo balaa. Wakifungulia mbele hatari inageuka, ni kuurudisha mguu nyuma huku vidole vinaangalia nje. Kwa hiyo pozi la tai, lile la kusokota miguu, ni sumu kwa aliyefunguliwa nyuma. Shujaa wa kwanza, mguu umerudi nyuma na kisigino kimegeuzwa, ni wa kuogopwa na aliyefunguliwa mbele. Ngamia na kobra, zile za kupinda mgongo kwa nyuma, hivyo hivyo.

#9 Kachumbari254
Hii post ya #8 ningependa kila mwalimu wa yoga aisome. Sisi darasani tunauliza tu "una jeraha lolote?" mtu anajibu "nilifanyiwa nyonga" tunasema pole, chukua bloku mbili. Hatuulizi mbele au nyuma. Mimi mwenyewe nilikuwa siulizi mpaka mwanafunzi mmoja akanieleza.

#10 Mzee wa Mkongojo
Mie niliambiwa miezi mitatu hayo masharti. Jirani yangu kafanyiwa mwaka jana kaambiwa wiki 6 tu. Mwingine kaambiwa hamna masharti, ishi. Sasa nani muongo?

#11 nesi_ughaibuni
Hamna muongo mzee wangu. Madaktari wenyewe hawajakubaliana. Siku hizi wapo wanaopunguza masharti kwa wagonjwa wenye hali nzuri kwa sababu wameona haileti tofauti kubwa, na wapo walioshikilia ya zamani. Pia inategemea ukubwa wa kichwa cha chuma walichokuwekea, namna kikombe kilivyokaa, na hata mgongo wako, mtu ambaye mgongo wake umekakamaa nyonga yake inalazimika kufanya kazi ya wawili na huyo huchomoka kirahisi zaidi. Fuata la aliyekufungua wewe, si la jirani.

#12 mama_Shufaa
Ngoja niwaambie kuchomoka kukoje maana nimesoma watu wanaandika kama jambo dogo. Nilikuwa wiki ya tano, najiona mzima, nimeacha magongo ndani ya nyumba. Nimekaa kwenye kochi lile la chini, khanga ikadondoka sakafuni upande wa mguu uliofanyiwa. Nikainama kuiokota bila kunyanyuka, mkono umepita nje ya goti, goti limeingia ndani. Nikasikia KWA. Sio maumivu kwanza, sauti kwanza. Halafu maumivu ambayo sikuyapata hata kwenye uzazi. Nikaangalia mguu, umekuwa mfupi kuliko mwenzie na vidole vinaangalia mguu wa pili. Nilikaa vile vile bila kusogea mpaka gari likaja, wakanirudisha kwa nusu kaputi bila kupasua tena, Mungu mkubwa. Sikuwa kwenye yoga wala nini, nilikuwa naokota khanga. Kwa hiyo dada #1 yoga ni saa moja kwa siku, hizo saa nyingine 23 ndo zina makochi.

#13 selimundu_shujaa
Duh mama Shufaa nimesisimka mwili mzima. Pole sana.

#14 ZuberiTZ
Mama Shufaa pole sana, hapo nimenyamaza. Swali la kweli sasa, kwanini ichomoke? Si wameweka chuma?

#15 FizioMbeya
@ZuberiTZ fikiria kinu na mchi. Mchi ukisimama katikati umetulia, twanga unavyotaka. Sasa ulaze mchi pembeni, laza, laza, mpaka shingo ya mchi igote ukingo wa kinu. Ukiendelea kusukuma ile ncha ya chini haina pa kwenda, inanyanyuka inatoka. Nyonga bandia ni vile vile, kichwa duara ndani ya kikombe, shingo ikigota ukingo kichwa kinachungulia nje. Nyonga ya kuzaliwa ina utando na kano nene zinazoizunguka na kuishikilia, kwenye upasuaji ule utando unakatwa na unahitaji muda kushikana upya. Ndo maana kuchomoka kwingi kunatokea miezi ya mwanzo. Mama Shufaa alilaza mchi.

#16 ZuberiTZ
Hapo nimeelewa kuliko darasani. Shukrani mkuu.

#17 Mwana wa Lindi
Jamani mnasahau swali la dada, yoga imemuua au haijamuua? Mimi nasema yoga haina kosa. Bibi zetu wamechuchumaa miaka 80, shambani, chooni, jikoni, nyonga nzima. Tatizo letu ni viti. Tumekaa ofisini miaka 20 halafu tunaenda kulazimisha ndani ya saa moja kile bibi alikuwa anafanya toka ana miaka miwili.

#18 mama_Shufaa
Bibi zetu nyonga nzima nani aliwapiga eksirei? Bibi yangu mzaa mama alitembea na mkongojo akiyumba kama mtumbwi, tukaambiwa ana baridi yabisi, akafa hajawahi kupigwa picha hata ya jino.

#19 Mwana wa Lindi
Hapo umenikamata kidogo. Ila bado nasema viti.

#20 Kachumbari254
Mimi nina ya tatu. Mifupa haifanani. Kuna mtu kikombe chake cha nyonga ni kirefu kimefunika kichwa vizuri, huyo hata umvute na kamba hawezi kukaa lotasi (kukaa chini kila mguu umepandishwa juu ya paja la mwenzie), mfupa unagonga mfupa. Kuna mwingine kikombe ni kifupi, anaingia lotasi siku ya kwanza, darasa zima linampigia makofi. Na huyu wa makofi ndo namuogopea mimi, kwa sababu kile kinachompa unyumbufu ndo kile kile kinafanya uzito wote ukae sehemu ndogo ya gegedu. Miaka inapita, linalika. Sasa hapo yoga imeharibu ama ilikuta kiungo tayari kina kasoro ikakiharakisha? Mimi sijui. Najua tu nimeacha kusifia mtu kwa sababu miguu yake inafunguka. Mzee Iyengar, mwalimu wa yoga kule Pune, India, aliyefariki 2014, yeye ndo alieneza mikanda, matofali na viti darasani ili mwili usilazimishwe kufika. Kiti sio cha wazee na wagonjwa. Mimi mwenyewe natumia.

#21 selimundu_shujaa
Naomba niongeze ya nne maana imesahaulika na kwetu ni kubwa. Mimi nina miaka 29, nina seli mundu, nyonga yangu ilikufa nikiwa na 24. Namaanisha ilikufa kweli, damu ilikatika kwenye kichwa cha mfupa wa paja, mfupa ukafa, ukaporomoka kama ganda la yai lililobonyezwa. Tanzania ni kati ya nchi zenye watoto wengi duniani wanaozaliwa na seli mundu, kwa hiyo mkiona kijana anachechemea msimwambie anyooshe viungo. Hata asiye na seli mundu anaweza kupata, kwa kutumia dawa za steroidi muda mrefu, kwa pombe nyingi, au baada ya kuvunjika. Kipindi mfupa umekufa lakini haujaporomoka, pozi la kuubebesha uzito huku umekunja linaweza kuumalizia. Mimi nilifanya mazoezi ya kuchuchumaa kwa wiki tatu kwa ushauri wa mtu wa jimu kabla sijajua, nikaenda kupiga picha ya pili, duara lilikuwa limeshabonyea. Kwa hiyo kabla ya yoga, kabla ya jimu, picha. Na eksirei ya mwanzo inaweza isionyeshe, MRI (picha ya sumaku) ndo inaona mapema.

#22 BintiPangani
Mdogo wangu #21 nimelia hapa. Mungu akutunze. Miaka 24 jamani.

Kuhusu #20, mimi ndo huyo wa makofi. Lotasi siku ya kwanza. Mwalimu alinipiga picha akaibandika ukutani. Ipo mpaka leo.

#23 Mtu wa Kando
Samahani kuingilia, hivi yoga si ibada ya Kihindi? Dada anauliza kusujudu na huku anafanya yoga, nimeshindwa kuelewa.

#24 Mzee wa Mkongojo
Mtu wa Kando, uzi wa nyonga huu. Asili yake ni India na huko ina upande wa imani, hilo hakuna anayekataa. Dada ananyoosha mgongo wake na anaswali swala tano. Fungua uzi wako tutakuja.

#25 BintiPangani
Mie nahesabu pumzi tu kaka, sina jingine. Asante mzee.

#26 Mwana wa Lindi
Kuhusu kusujudu, dini imeshamfungulia mlango asiyeweza, anaswali amekaa. Baba yangu mdogo aliswali kwenye kiti mwaka mzima baada ya kuvunjika nyonga na anasujudu kwa kuinamisha kichwa tu. Muulize imamu wako utatulia moyo.

#27 FizioMbeya
Na kimwili, sijida inakunja nyonga kupita 90, na kikao cha tahiyatu nacho kinaikunja sana, kwa hiyo kipindi cha masharti ni kiti, tena kiti kirefu. Baadaye wapo wanaorudi chini na wapo wasiorudi. Nina wagonjwa wa aina zote mbili.

Kukuna nazi kwenye mbuzi ya kukalia: hapana. Kile kikao cha chini, magoti juu, unainama mbele, ndo nyuzi 90 zimepitwa na bado unasukuma. Ipo mbuzi ya kufunga mezani ya mkono wa kuzungusha, nunua sasa hivi kabla ya mwezi wa 9.

#28 ZuberiTZ
Nazi ya pakiti ipo dukani jamani.

#29 mama_Shufaa
Zuberi we mtu wa bara, tulia.

#30 Mzee wa Mkongojo
Choo! Hamna hata mmoja kataja choo na ndo kilinitesa. Nyumbani kwangu choo cha kuchuchumaa. Nilimwita fundi seremala kabla sijaenda kulazwa, akachonga kigoda kirefu cha mbao ngumu, katikati katoboa tundu, miguu minne kaipanua kwa chini kisiyumbe, na pembeni kaweka mikono ya kushikilia. Kinakaa juu ya tundu la choo. Mpaka leo kipo, wageni wanakisifia kuliko sebule. Niliposikia watu wa mjini wananunua kiti cha plastiki cha kuongeza urefu nikasema sawa, ila hicho ni cha choo cha kukaa, cha kuchuchumaa lazima fundi.

#31 nesi_ughaibuni
Mzee hicho kigoda ningekipiga picha nikibandike wodini. Hicho ndo tunahangaika kuwaelezea watu.

Wiki za mwanzo dada asitafute yoga. Akiwa kitandani: kupampu vifundo vya miguu juu chini, mara nyingi kila saa akiwa macho, kukaza makalio na kuachia, kukaza paja goti likandamize kitanda, na pumzi ndefu mpaka mbavu zifunguke maana baada ya dawa ya usingizi mapafu yanataka kufunguliwa. Hapo miaka tisa ya kuhesabu pumzi ndo italipa, nimeona watu wa yoga wanavuka usiku wa kwanza kwa utulivu ambao wengine hawana. Lala chali, mto katikati ya miguu. Kigimbi kikivimba na kuuma upande mmoja, au ukikata pumzi ghafla, usisubiri asubuhi, damu inaweza kuwa imeganda. Kidonda kikitoa usaha au homa ikipanda, vivyo hivyo. Na kabla ya operesheni wataje kila unachomeza, aspirini, vidonge vya vitunguu swaumu, dawa za miti, usifiche kitu.

#32 Mwana wa Lindi
Hivi hizi nyonga za chuma si ugunduzi wa Marekani? Na nasikia zinakaa miaka 10 tu halafu unafunguliwa tena, ndo maana watu wanaahirisha.

#33 nesi_ughaibuni
Hapana na hapana. Watu walijaribu sehemu nyingi ila ile iliyokubalika na kuenea dunia nzima ni ya John Charnley pale Wrightington, Uingereza, mwaka 1962: kichwa kidogo cha chuma, kikombe cha plastiki ngumu, na saruji ya mifupa. Nyingi za leo ni watoto wa ile. Kuhusu miaka, mwaka 2019 jarida la Lancet lilitoa hesabu iliyokusanya maelfu ya wagonjwa, kama asilimia 58 ya nyonga zilifika miaka 25. Kwa hiyo kwa mtu wa 51 anaweza kuhitaji ya pili uzeeni, na anaweza asihitaji.

#34 Mwana wa Lindi
Sawa, nimesahihishwa mara mbili ndani ya uzi mmoja. Supu ya kongoro je, hairudishi ute?

#35 FizioMbeya
Kunywa, tamu. Gegedu lililokwisha halirudi kwa supu. Bora kongoro kuliko wale wa kuvuta miguu mitaani lakini. Nilimpokea mama mmoja kavutwa mguu na mchuaji siku tatu mfululizo, alikuwa na ufa kwenye shingo ya mfupa wa paja, ukaachana kabisa.

#36 Kachumbari254
Baada ya wiki 6 mpaka 12, ukipewa ruhusa, anza na yoga ya kiti. Kiti kirefu, nyonga juu kuliko magoti, miguu imetengana upana wa fupanyonga. Mikono juu, kufungua kifua, kugeuza shingo. Halafu kusimama na ukuta: mlima, kisha mti, lakini mti wa vidole chini, kisigino kimegusa kifundo tu, usipandishe mguu kwenye paja. Kutwist mwili mguu umekaa chini hapana. Kwenda sakafuni ndo mtihani, jifunze kushuka na kupanda kwa kushika kiti, na mwalimu wa fizio awepo mara ya kwanza. Na mwalimu yeyote akikusukuma kwa mkono wake aongeze kunyoosha, muondoe huo mkono. Simama utoke darasani ikibidi, hakuna atakayekulaumu.

#37 selimundu_shujaa
Mimi nilirudi mwezi wa tano. Njiwa sijarudi wala sitarudi. Pozi la maiti nalala na mto chini ya magoti, nusu saa, hilo ndo limekuwa yoga yangu nzima siku za maumivu.

#38 BintiPangani
Wakuu nimerudi, ni wiki ya 7 toka nifanyiwe. Nilikaa kimya nilikuwa naogopa. Alifungulia nyuma. Usiku wa kwanza nilihesabu pumzi mpaka alfajiri, nesi akawa anakuja kuniangalia akidhani nimezimia. Magongo nimebakisha moja. Jana nimesimama na ukuta, mti wa vidole chini, sekunde 20, nikalia machozi.

Daktari kanieleza alichokikuta: kikombe changu cha kuzaliwa ni kifupi, kwa hiyo #20 ulisema kweli. Nikamuuliza basi yoga haina kosa? Akasema huenda ningeumwa hata bila yoga, huenda kwa miaka 65 badala ya 51, hawezi kunipa jibu. Mwalimu wangu nilimpelekea hayo maneno. Yeye bado anasema ni kukaza. Picha yangu nimemuomba aitoe ukutani, ameitoa. Nimeanza darasa la viti kwa dada mwingine.

#39 ZuberiTZ
Hongera sana dada angu. Nazi je?

#40 BintiPangani
Mbuzi ya mezani Zuberi. Jana wali wa nazi.

#41 Mgeni Kigamboni
Samahani nimeusoma uzi wote usiku huu, mama yangu anafanyiwa Alhamisi na kwetu choo ni cha kuchuchumaa. Mzee wa Mkongojo naomba vipimo vya kile kigoda, fundi yupo hapa jirani.

#42 Mzee wa Mkongojo
Mwanangu, msimamishe mama amevaa ndala zake za ndani. Pima kutoka sakafuni mpaka kwenye mkunjo nyuma ya goti, kisha ongeza inchi 2. Hapo ndo juu ya kigoda. Tundu lisiwe kubwa sana asijedumbukia, na mwambie fundi akwangue kingo zote kwa msasa, mie changu kilinichana wiki ya kwanza. Miguu ya kigoda iwe na mpira chini, sakafu ya choo inateleza.

#43 Mgeni Kigamboni
Asante mzee wangu. Naenda kumgongea fundi sasa hivi kabla hajalala.